Neema, wamemruka fa

Neema mwanangu,

Marahaba. Bibi yako anaendelea vizuri. Jana walimfungua bandeji ya jicho, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza mbona nimekonda.

Desemba hapa Chennai, India, ni msimu wa muziki. Kumbi zinaimba asubuhi hadi usiku, nazo zina migahawa yake. Wengine nadhani huja kufuata dosa tu, chapati zao nyembamba za mchele. Jirani yetu hapa nyumba ya wageni, mwalimu mstaafu, akanichukua juzi. Mwimbaji, mama wa makamo, aliketi chini jukwaani, fidla upande mmoja, ngoma ya mridangam upande wa pili, na tanpura, ala ya nyuzi, nyuma ikivuma bila kupumzika. Wimbo wa kwanza tu, nikajikuta nasoma sol-fa moyoni kama niko mazoezi ya kwaya: do, re, mi, so, ti. Nikamsubiri fa. Hakuja. La naye hakuja mpaka wimbo ukaisha!

Wenyewe husema sa, ri, ga, pa, ni. Mpangilio kama huo wa sauti za kutungia nyimbo wanauita raga, na hii ni Hamsadhwani, yaani sauti ya batamaji. Wana raga wazazi 72 zenye sauti saba saba, na hii ni mtoto wa ile ya 29, Shankarabharanam, ambayo kwa sauti zake ni do-re-mi yetu ileile. Mwalimu alinieleza huku akihesabu mapigo manane pajani: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kisha kofi na kugeuza kiganja, mara mbili. Hakukosea hata alipokuwa akiongea.

Aliyeibuni Hamsadhwani ni Ramaswami Dikshitar. Lakini iliyoipa umaarufu ni kazi ya mwanawe Muthuswami, aliyefariki 1835: wimbo wa kumsifu Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, “Vatapi Ganapatim”, ambao maonyesho mengi hufunguliwa nao mpaka leo, kwa kuwa Ganesha ndiye huombwa kabla ya kuanza jambo. Baba kaleta sauti tano, mtoto kaziimbisha nchi nzima.

Hapo nikakukumbuka wewe. Ulikuwa darasa la sita, ukanipigia kawimbo kako kwenye kinanda, nami badala ya kusikiliza nikasema, “Umemruka fa.” Ukafunika kinanda ukaenda kuosha vyombo. Nisamehe, mama.

Sasa kifunue. Anzia C, vibonye vyeupe tu, do re mi so ti do, na kurudi hivyohivyo. Ukizoea, mtoe ti umtie la: hiyo ni raga nyingine kabisa, Mohanam, na utaona nyumba imebadilika kwa kuhamisha kiti kimoja. Ila hapa sauti hazikai tuli, huzitikisa na kuziteleza, wanaita gamaka. Kinanda hakiliwezi hilo, lijaribu kwa koo.

Na kale kawimbo, kama hujakasahau, nirekodie unitumie kabla ya Jumamosi. Bibi anasema tukifika akute dagaa.

Baba yako