Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: Moshi tunaowavutisha watoto wetu

Mbukwenyi, Ndugu Mkurugenzi.

Nakuandikia habari ya moshi, lakini naomba nianze na mama yangu. Amepika zaidi ya miaka hamsini, mingi kati yake ndani ya tembe huko Bahi, dirisha lenyewe la kupitisha mkono tu, kuni zikifuka chini ya chungu cha mlenda na mtoto kambeba mgongoni kwa khanga. Mtoto huyo ni mimi. Siku hizi, katika asubuhi moja, ananiuliza mara tatu kama mbuzi wameshafunguliwa, na mbuzi tuliuza zamani. Wapo wanaonong'ona kwamba karogwa, wengine wakiyatazama macho yake mekundu wanasema yeye ndiye anayeroga. Unajua maneno hayo yamewafikisha wapi vikongwe wa nchi hii.

Sisemi moshi peke yake ndio uliomfikisha hapo. Ana presha, na shule hakupelekwa. Hayo nayo huongeza hatari. Lakini mwaka 2020 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet liliitaja hewa chafu miongoni mwa mambo yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, tena yale tunayoweza kuyapunguza. Orodha yao ya 2024 ina mambo 14, na hewa chafu bado imo. Chembe zinazotajwa sana ni zile zisizozidi mikroni 2.5, unywele mmoja una unene wa kama mikroni 70. Zinapita mapafuni hadi kwenye damu na kuiharibu mishipa inayolisha ubongo.

Kilichoninyima usingizi ni habari ya Uskoti. Watoto waliozaliwa 1936 walipewa mtihani wa akili mwaka 1947, wakiwa na miaka 11. Zaidi ya 1,000 kati ya hao walipimwa tena uzeeni, wakiwa na miaka kama 70. Kwa baadhi yao, watafiti wakakadiria hewa ya mahali walipoishi tangu 1935, kabla hata hawajazaliwa. Waliokuwa tumboni penye hewa chafu zaidi, alama zao za akili zilibadilika vibaya zaidi kutoka utotoni hadi uzeeni. Tofauti ilikuwa ndogo, na utafiti mmoja haumalizi mjadala. Lakini tumboni, Ndugu Mkurugenzi! Mjamzito anayepuliza moto leo pale Chang'ombe huenda anagusa uzee wa mtu ambaye hata jina hajapewa.

Ndiyo maana taka zinanichoma moyo kuliko vyote. Mtaani kwetu tunazichoma wenyewe, mifuko, chupa za plastiki, pampasi, matairi, mara nyingi jioni watoto wakiwa nje wanacheza. Nimeona shule ambayo shimo lake la taka liko upande upepo unakotokea, na wanafunzi ndio wanaotumwa kuwasha kiberiti. Mimi pia nimechoma, miaka mingi, nikidhani ndio usafi.

Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na naushukuru. Jikoni kuna mpango. Kwa shimo la taka la shule naomba amri yako: mwanafunzi asichome taka, na shimo la moto lisiwe ndani ya uzio wa shule. Nakuomba pia vifaa vya kupima chembe hizo, vifungwe katika kata wanakoishi watu wengi, na vipimo vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata tuvisome. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Nataka kujua Nkuhungu tuko wapi, hasa miezi ile ya upepo, vumbi linapochanganyika na moshi.

Kama pa kukifunga kifaa cha kwanza hapajapatikana, paa langu lipo, na umeme wake nitalipia mimi.

Wako,
Mkazi wa Nkuhungu