Umri mmoja hautoshi kwa miamba ya kinywe

Mhariri,

Miamba yenye kinywe (grafiti) ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilikuwa matope na mchanga kabla ya kupikwa na joto la ardhini. Kujua mchanga huo ulitoka wapi, upimwe umri wa punje zisizopungua 100 za zirikoni, madini magumu yenye urani inayogeuka risasi polepole na hivyo kutunza umri. Ukipima 20, chanzo kilicholeta mchanga kidogo kitakuponyoka. Kwanza punje zipigwe picha ya kuonyesha tabaka zake za ndani. Kiini hutunza umri wa mwamba mama, yaani ule punje ilikozaliwa, ganda la nje umri wa kupikwa. Hapa ndipo wengi huharibu: doa la leza ya kupimia, lenye upana wa mikroni 30 (sehemu 30 kwa elfu za milimita), likikanyaga kiini na ganda kwa pamoja, umri unaotoka ni mchanganyiko mtupu. Toriamu, metali nyingine yenye mionzi ndani ya punje, ikiwa chini ya sehemu 1 kwa 10 ya urani, shuku kwamba umepima ganda. Kiini kichanga kuliko vyote huthibitisha tu kwamba mchanga haukutuama kabla ya umri wa kiini hicho.

Msomaji, Nachingwea, Lindi