Malalamiko Kuhusu Safari ya Bagamoyo Iliyouzwa kwa Jina la Matembezi ya Taratibu

Dar es Salaam,
15 Julai 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA BAGAMOYO, JUMAMOSI TAREHE 12 JULAI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililipa Sh 180,000 kwa ajili yangu na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, kwa safari ambayo tangazo lenu liliiita "siku nzima ya kutembea taratibu". Bagamoyo ni kilomita zipatazo 70 tu kutoka Dar es Salaam, na tungeweza kupanda basi wenyewe. Lakini mama anatembea kwa mkongojo, na nilichokilipia kwenu hasa ni nafasi ya yeye kutembea bila kuhimizwa na mtu.

Gari lililotakiwa kuondoka saa moja asubuhi liliondoka saa mbili na nusu. Njiani tulisimamishwa kwa zaidi ya saa nzima kwenye duka la vinyago ambalo halimo katika ratiba mliyonitumia, hivyo tukafika magofu ya Kaole saa tano na nusu.

Naomba mwelewe Kaole ilikuwa na maana gani kwake. Mama alifundisha historia katika shule ya msingi kwa miaka mingi, akiwaeleza watoto habari za msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo zilizopambwa zamani kwa bakuli za Kichina, bila yeye mwenyewe kuwahi kufika. Siku hiyo aliegemeza mkongojo wake ukutani, akaweka kiganja juu ya jiwe la tumbawe, akamwuliza mhifadhi wa pale jinsi mafundi walivyochoma chokaa ya kujengea. Mhifadhi, ambaye namshukuru kwa upole wake, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kujibu dereva wenu alipopiga honi mara tatu. Tulikuwa tumekaa dakika ishirini. Mama aliomba radhi kwa mhifadhi, akachukua mkongojo wake, akaondoka bila kusikia jibu.

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, hatukushuka kabisa. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ulipohifadhiwa mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, na mama alitaka kuketi kidogo karibu na mnara wa pale misheni. Mtembeza wageni wenu alisema tutauona tukipita. Boma la Wajerumani na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe tuliiona kupitia kioo cha gari. Samaki wa sokoni tulioahidiwa nao hatukuwaona. Badala yake tulikalishwa saa mbili katika hoteli iliyo nje ya mji, tukajinunulia chakula wenyewe, na saa tisa tukawa tumeanza kurudi, ilhali ratiba ilisema saa kumi na moja.

Jioni nilipopiga simu ofisini kwenu, nilijibiwa kwamba Bagamoyo hakuna mengi ya kuona. Jibu hilo liliniumiza kuliko safari yenyewe. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, na uliwahi kuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Kampuni inayopokea fedha za watu ili iwapeleke huko haina budi kuwafundisha watumishi wake mambo hayo, na kama ninyi wenyewe hamyathamini, sioni kwa nini mnayauza.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe nusu ya malipo, yaani Sh 90,000, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu duka la vinyago na muda uliopunguzwa. Naomba pia muondoe neno "taratibu" katika tangazo lenu mpaka ratiba ilingane nalo. Safari nyingine ya bure sitaipokea. Fedha hizo nitazitumia kumrudisha mama huko Kaole mimi mwenyewe, kwani bado anataka kujua habari ya chokaa.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa safari ya tarehe 12 Julai 2025