Kabla hujavaa glovu zangu

Mwanangu mpenzi,

Jana usiku uliniuliza kama unaweza kuvaa glovu zangu ulipige lile begi langu la mazoezi ya ngumi. Nikakujibu "tutaona" huku naosha vyombo, nikakuona ulivyonywea. Swali lako lilistahili jibu refu kuliko hilo. Sasa umelala, mdogo wako naye kalala, nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Nianze na neno lililonikaa moyoni. Ulisema, "Na mimi nikikasirika niwe naenda kulipiga kama wewe." Kumbe miaka hii miwili, kila ukisikia kishindo kile kupitia ukutani, ulikuwa unadhani mama ana hasira. Hapana, binti yangu. Nimelipiga begi kwa hasira siku moja tu, na siku hiyo nitakusimulia.

Nilianza nikiwa na miaka 41. Mdogo wako alikuwa hajatimiza mwaka, mgongo ulikuwa unaniuma kwa kukaa kazini na kubeba mtoto, na nikipanda ngazi nahema. Ukumbi wa mazoezi ulikuwepo, lakini kwenda na kurudi peke yake ni saa nzima, na saa nzima sikuwa nayo. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa na begi la ngumi lisilotumika. Baba yako akatafuta ilipo boriti ya dari, akaifunga ndoano kwenye boriti yenyewe, si kwenye mbao nyembamba za dari, maana begi likianza kuyumba linavuta kwa nguvu kupita uzito wake. Akaacha nafasi ya kulizunguka pande zote. Mpigaji asiyeweza kuzunguka husimama pale pale kama nguzo, na miguu haijifunzi chochote.

Unakumbuka tulivyolimwaga? Lilikuwa laini juu na chini gumu kama jiwe, kwa sababu vitambaa vilivyojazwa ndani hushuka na kushindiliana kadiri linavyopigwa. Mchanga ndio mbaya zaidi kwa hilo. Tukakaa sakafuni watatu, tukavikunjua vitambaa kimoja kimoja, tukajaza upya kwa kushindilia sawasawa kila tabaka. Vilipopungua ukaleta nguo zako zilizokubana. Lile gauni lako la njano limo humo ndani hadi leo, karibu na katikati. Begi likafika kilo 35 hivi, nusu ya uzito wangu, na ndivyo walimu wengi wa ngumi wanavyoelekeza kwa anayeanza.

Kuhusu muda, ngumi zina mpango wake wa zamani. Kanuni za Queensberry, zilizotangazwa Uingereza mwaka 1867, ziliweka raundi ya dakika 3 na mapumziko ya dakika 1. Raundi nne kwa mpango huo ni dakika 15 kamili, ukihesabu mapumziko matatu ya katikati. Dakika 15 nilikuwa nazo: mdogo wako akishalala, kabla sijakukagulia daftari zako. Lakini mwanzoni hata dakika 3 sikuziweza. Dakika moja ilinimaliza, mikono ikashuka, nikawa nalisukuma begi kwa mabega. Nikaanza na dakika moja moja, nikakaa hapo wiki tatu kabla ya kuongeza.

Sasa ile siku. Kulikuwa na mtu kazini aliyenisemea neno mbele ya watu, neno ambalo sikustahili. Nikarudi nyumbani nimelibeba kifuani. Nilipowalaza, nikaingia kule chumbani bila kufunga bandeji, ule utepe mrefu wa kitambaa unaozungushiwa mkono ndani ya glovu, bila kupasha mwili moto, nikavaa glovu juu juu na kulirukia begi. Ngumi ya nne au ya tano ilitua imepinda. Nilisikia kitu kinavutika kwenye kifundo cha mkono, kisha maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Wiki tatu sikuweza kukamua kitambaa wala kumbeba mdogo wako kwa mkono ule. Wewe ndiye uliyekuwa unanifungulia vifuniko vya chupa, na nilikwambia nimeteguka tu. Sikukwambia nilivyoteguka. Leo nimekwambia.

Ndiyo maana bandeji ni kitu cha kwanza nitakachokufundisha, kabla ya ngumi yoyote. Bandeji ya mtu mzima ina urefu wa mita 4.5 hivi. Unaanza na kile kitanzi cha kidole gumba, unazungusha kwenye kifundo cha mkono mara tatu, unapanda kwenye vifundo vya vidole mara tatu, unapita katikati ya vidole kimoja kimoja, unarudi kumalizia kwenye kifundo cha mkono. Vidole viwe vimetanuka wakati wa kufunga, ili ukikunja ngumi bandeji ikaze bila kuzuia damu. Mimi hunichukua dakika nne. Nilikuwa naziona ni dakika za kupoteza. Siku hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu mpaka nikimaliza mkono wa pili, ya kazini yameshabaki kazini.

Ngumi yenyewe ikunjwe kidole gumba kikiwa nje, kimelala juu ya vidole vingine, kamwe kisiwe ndani. Utue na vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati, mkono umenyooka kutoka kifundoni hadi kiwikoni. Anayetua na upande wa kidole kidogo anautafuta mfupa ulio nyuma ya kidole hicho, nao ni mwembamba na huvunjika upesi.

Ila jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba ngumi haitoki mkononi. Simama mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo, magoti yamelegea, kidevu chini, mikono yote kwenye mashavu. Mkono wa kushoto hutoka moja kwa moja na kurudi kwa njia ile ile, shavuni, upesi kama ulivyotoka. Wa kulia ndio wenye uzito, na uzito huo unaanzia kwenye vidole vya mguu wa nyuma: mguu unazunguka kama mtu anayezima kaa la moto kwa soli ya kiatu, nyonga inafuata, bega linafuata, mkono unafika mwisho. Miezi miwili nilikuwa napiga kwa bega tu, na bega likawa linaniuma kila asubuhi. Kisha jioni moja nyonga ikazunguka kwa wakati wake, begi likatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia, mfupi na mkavu, likatikisika pale pale badala ya kwenda mbali. Nilisimama nikaliangalia. Nilifurahi, mwanangu, kama siku ulipopiga hatua ya kwanza.

Kwa hiyo usilipime begi kwa jinsi linavyobembea. Likienda mbali ujue umelisukuma. Na toa pumzi kwa kila ngumi, ule mlio wa "tss" ulioniuliza ni wa nini. Anayezuia pumzi huchoka kabla ya nusu ya raundi.

Nilipokuwa na umri wako niliwahi kusema nataka kujifunza ndondi, nikaambiwa si mchezo wa wasichana, nami nikanyamaza. Wakati ule hata kwenye Olimpiki wanawake hawakuwa na nafasi ulingoni. Waliingia mara ya kwanza London mwaka 2012, na Nicola Adams wa Uingereza akawa mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Sikukumbuka hayo jana nilipokujibu "tutaona", na nimeumia kwamba neno langu huenda limekufikia kama lile nililoambiwa mimi.

Jibu langu ni ndiyo. Wanawake wa mwaka ule walipigana raundi nne za dakika mbili mbili, na wewe tutakupeleka taratibu hadi kwenye dakika hizo mbili. Lakini wiki za kwanza hutaligusa begi. Utaruka kamba, utapiga ngumi hewani mbele ya kioo, polepole kabisa, nami nitakaa kwenye kiti nikitazama miguu yako. Ukilifikia begi utapiga kwa nguvu kidogo tu, robo ya nguvu zako, kwa sababu mifupa ya mikono yako bado inakua. Maumivu ya kifundo, hata madogo, uniambie siku hiyo hiyo. Na hutapiga nikiwa sipo.

Glovu zangu ni za wakia 14, kila moja karibu gramu 400, na mkono wako utaogelea ndani yake. Nitakutafutia zinazokutosha. Hadi zitakapofika, zipo bandeji zangu za akiba, nimezifua na kuzianika leo. Kesho ukimaliza kazi zako za shule njoo chumbani pekupeku, ulete mkono wa kushoto kwanza. Nitakufunga mmoja polepole ukiangalia, na wa pili utajifunga mwenyewe.

Mama yako