Wakuu wa fedha, waachieni vijana washike vitabu

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi niseme kuhusu hawa vijana wetu wanaosaka CPA, ile sifa ya mhasibu kamili aliyethibitishwa, maana hapa Dodoma wamejaa, vyuoni UDOM wanatoka, CBE wanatoka, Hombolo nako wanatoka, na kila mzazi akishapiga picha na mwanae kavaa joho anatangaza mtaani kwamba nyumba imepata mhasibu. Jamani bado. Digrii ya uhasibu inakurukisha hatua za chini tu, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, unaianzia ya kati, halafu uivuke na ile ya mwisho, na inafanyika Mei na Novemba basi, ukiteleza unasubiri msimu mwingine na ada unalipa tena.

Ila mitihani siyo inayoniuma, kijana akikomaa atatoka tu. Kinachoniuma ni ile miaka 3 ya uzoefu inayotakiwa ndo usajiliwe. Wataupata wapi wakati maofisini tumewageuza matarishi? Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, nimemkuta binti ana digrii yake safi kabisa anajitolea, asubuhi anatoa kopi, mchana anatumwa benki, jioni anapanga vocha za malipo kwenye boksi faili kwa namba. Nikamuuliza salio la kitabu cha fedha na la benki mwezi uliopita vilipishana wapi, akacheka kwa aibu, "baba, mimi hiyo statimenti sijawahi hata kuiona, bosi anafanya mwenyewe". Yaani bosi kaificha kama dawa ya ukoo!

Na pale kwenye usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha kitabu chenu cha fedha na statimenti ya benki, ndo shule yenyewe ilipo. Unakuta hundi mmeshaiandika lakini aliyepewa hajaipeleka benki, unakuta makato ya benki hakuna aliyeyaingiza, unakuta mteja kaweka hela wiki 2 zilizopita na risiti hajakatiwa. Mtu anayehangaika na hayo kila mwezi akikutana na swali la ukaguzi kwenye pepa hana haja ya kukariri. Halafu siye siye tukitangaza nafasi tunaandika awe na CPA na uzoefu, sijui tunadhani uzoefu unauzwa Majengo sokoni.

Sasa ombi langu kwa wahasibu wakuu, hasa tangu serikali ihamie huku na ofisi zikajaa: mzungusheni kijana. Akae malipo, ahamie mishahara aone PAYE, kodi ya mshahara, inavyokatwa, aende kodi ya zuio, ile unayomkata mtu unapomlipa, na Juni 30 mwaka wa fedha ukifungwa akae mezani na nyie mnapoandaa hesabu, hata kama atawachelewesha kidogo (atawachelewesha, najua). Na Novemba ikifika mpeni ruhusa mapema, siyo wiki ya mtihani ndo mnampangia safari ya Manyoni kuhakiki stoo, matokeo yakitoka mnamcheka kafeli.

Mhasibu, Area C, Dodoma