Kabla ya Kumkabidhi Fundi STI Yako: Mambo Ambayo Gereji Yetu Inataka Mteja Ayajue

Gari la mbio likiletwa kwetu likiwa limebebwa juu ya lori, kwa kawaida injini huwa imeshaanza kugonga, na mazungumzo yetu na mwenye gari huwa mafupi na ya huzuni. Mteja mmoja aliyetuletea Subaru Impreza WRX STI namna hiyo alikuwa amepitia kwa mafundi watatu ndani ya miezi miwili. Wa kwanza alimwaga oili na kujaza nyingine bila kuuliza injini ile hutumia oili ya aina gani. Wa pili alielezwa kwamba taa ya oili huwaka na kuzimika gari linapokata kona, akasema ni sensa, akaibadilisha na kulipwa. Wa tatu alisikiliza ule mlio na kusema ni ekzosi iliyolegea. Hakuna hata mmoja wao aliyechomoa kijiti cha kupimia oili. Tulipokichomoa sisi, kilitoka kikavu.

Mafundi wale watatu hawakuwa wezi. Inawezekana kabisa kwamba kila mmoja wao hutengeneza Probox au Corolla vizuri kuliko sisi. Walichokosea ni kukisia, na gari la aina hii halisamehe makisio. Ndiyo maana mteja akituuliza atamtambuaje fundi wa kuaminika, hata kama hakusudii kuja kwetu, tunampa jibu lilelile: tazama kama anapima kabla ya kusema, kama anakuonyesha alichopima, na kama bei ya kipuri inatajwa baada ya hayo mawili au kabla yake.

Mapenzi ya Wakenya kwa Impreza hayahitaji maelezo marefu. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa gari hilo mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwalo mwaka 2000, na wengi waliokuwa watoto wakisimama kando ya barabara za vumbi wakati huo ndio watu wazima wanaoagiza STI kutoka Japani leo. Kinachohitaji maelezo ni injini yenyewe. Injini hiyo, iitwayo EJ20, ilianza kutumika mwaka 1989 katika Legacy, gari lingine la Subaru, ikaendelea kufungwa kwenye STI za soko la Japani hadi mwaka 2019. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994, na silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande, badala ya kusimama wima kama zilivyo katika magari mengi tunayoyaona barabarani. Kuanzia mwaka 1996 STI ya Japani ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 280, kiasi ambacho injini ya kawaida ya lita mbili haiwezi kukitoa kwa urahisi bila tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, kwa hiyo oili ikipungua, ikichafuka au ikikatika kwa sekunde chache tu, madhara hayasubiri.

Nairobi nayo ina masharti yake. Jiji letu liko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia msukumo uleule ambao gari lingeupata Mombasa. Tena STI ya Japani ilipangwa kunywa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake, yaani kipimo cha kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo, hukaribia 100, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari hujitahidi kurekebisha kwa kuchelewesha cheche inaposikia mlipuko usio wa kawaida ndani ya silinda, lakini uwezo wake una kikomo. Mtu anapoongeza msukumo wa tabo, au kubadilisha ekzosi na njia ya hewa bila kuipanga upya kompyuta hiyo kwa petroli anayoinunua hapa, pistoni ndizo zinazolipa. Fundi atakayekubali kukuongezea nguvu bila kukuuliza unajaza petroli gani na wapi, mshukuru kwa heshima, uondoke na gari lako.

Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, wengine hudhani kwamba gari lililotoka bandarini ni jipya vya kutosha. Ukweli ni kwamba STI nyingi zilizopo mjini ziliingia zamani, zimepita katika mikono ya watu wengi, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si ushahidi wa kutegemewa. Mfano ulio wazi ni mshipi wa taimingi, unaopatanisha mwendo wa valvu na wa pistoni. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na katika injini hii ukikatika, valvu hukutana na pistoni na kupinda. Kama hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, sisi tunauhesabu kuwa haujabadilishwa. Muulize fundi wako angeifanyaje kazi hiyo. Anayeijua atakutajia pia kikazio cha mshipi, puli zake na pampu ya maji, kwa sababu puli iliyochakaa huua mshipi mpya, na atakueleza kwamba kemshafti za upande wa kushoto, yaani mihimili inayofungua valvu, zinasukumwa na springi za valvu, hivyo mtu akiziachia ovyo au kuzizungusha upande usiofaa, valvu zinaweza kugongana zenyewe kabla hata injini haijawashwa. Fundi ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo atasema tu kwamba mshipi ni mshipi.

Swali la pili tunalopenda mteja alitumie ni la themostati, valvu inayozuia maji kwenda kupozwa hadi injini ipate joto lake. Katika gereji nyingi gari likichemka kitu cha kwanza kutupwa ni themostati, kana kwamba kiwanda kiliifunga kwa bahati mbaya. Injini isiyo na themostati hukawia kupata joto lake, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba asubuhi haijaisha, oili haifikii joto la kufanyia kazi, na chanzo halisi cha kuchemka kinabaki palepale. Mara nyingi chanzo hicho ni hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa maji. Katika EJ20 yenye tabo, maji hujazwa kupitia tangi dogo lililo juu karibu na tabo, na ni lazima hewa itolewe kwa subira huku injini ikiwa inanguruma na hita imefunguliwa. Kazi hiyo huchukua muda, na haina kipuri cha kuuza. Ndiyo maana watu huiruka. Anayejaza maji ya bomba badala ya kipoza-injini anaongeza tatizo lingine, kwani bloku na vichwa vya injini hii ni vya alumini, nayo huliwa na kutu ya aina yake.

Kuhusu matairi tutasema machache. STI huendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo matairi yote yanapaswa kuwa ya aina moja na yenye kuchakaa kwa kiwango kimoja. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma hulazimisha difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kufanya kazi isiyokwisha hadi iharibike. Fundi anayekushauri ununue mawili tu ili kuokoa fedha hajafikiria bei ya difu.

Tukirudi kwenye upimaji, ambao ndio moyo wa jambo hili, kuna vipimo vitatu ambavyo gari la aina hii linastahili kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba injini ni nzima au imekufa. Cha kwanza ni mgandamizo wa kila silinda, ukipimwa injini ikiwa na joto, plagi zote nne zikiwa zimetolewa, betri ikiwa imejaa na pedali ya petroli ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Plagi za injini iliyolala hukaa ubavuni karibu na bodi, mahali ambapo mkono hupita kwa taabu, na tumekuta magari ambayo plagi mbili za mbele ni mpya na mbili za nyuma zina umri wa miaka mingi. Cha pili ni kupeleka hewa ndani ya silinda na kusikiliza inatorokea wapi: kwenye ekzosi, kwenye njia ya hewa, kwenye tangi la maji, au kwenye mdomo wa kujazia oili. Kipimo hicho hukuambia kama ugonjwa uko kwenye valvu, kwenye gasketi au kwenye ringi za pistoni, na tofauti ya gharama kati ya majibu hayo ni kubwa mno kuachiwa sikio la mtu. Cha tatu ni kukata filta ya oili iliyotumika, kuitandaza karatasi yake na kuitazama kwenye mwanga. Ikimetameta kwa chembe za chuma, beringi za krenki zimeanza kwenda.

Kompyuta ya kusoma hitilafu ina nafasi yake, lakini haichukui nafasi ya vipimo hivyo. Namba inayotokea kwenye kioo huonyesha mahali palipoonekana tatizo, wala haikuambii ni kipuri gani kimekufa. Sensa ya oksijeni inaweza kulalamika kwa sababu mpira wa hewa umepasuka mbele yake, na fundi anayesoma namba kisha akaandika orodha ya sensa za kununua anakuuzia makisio yaleyale, ila yametoka kwenye mashine.

Tunasisitiza vipimo kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuumia. Miaka ya mwanzo tulijenga upya injini iliyoharibika beringi, kazi nzuri, kila nati imekazwa kwa spana yenye kipimo, lakini tukairudisha na kipozaoili chake cha zamani tulichokisafisha kwa nje na kukipulizia hewa. Chembe za chuma zilikuwa bado zimejificha ndani. Beringi mpya zikaharibika baada ya muda mfupi, tukalazimika kuijenga injini ile mara ya pili kwa gharama yetu. Tangu siku hiyo beringi ikiharibika, kipozaoili hubadilishwa na mabomba ya oili ya tabo hukaguliwa moja baada ya lingine, na tunamweleza mteja sababu yake kabla hajaona bei.

Vipuri ni eneo ambalo hata fundi mwaminifu anaweza kudanganywa. Ukienda Kirinyaga Road utapata filta, plagi na oili kwa bei tatu tofauti katika maduka matatu yanayotazamana, na boksi zote zikifanana. Sisi hununua kwa wauzaji wanaotoa risiti yenye namba ya kipuri, na tunamwachia mteja boksi pamoja na kipuri cha zamani kilichotolewa. Hilo la kurudishiwa vipuri vyako, pamoja na kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, si hisani ya gereji. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inazungumzia matengenezo ya magari waziwazi. Fundi akikuambia kipuri cha zamani kimeshatupwa, uliza kimetupwa wapi.

Ukiamua kutuletea gari lako, tunaomba uliache lilale kwetu usiku mmoja, ili tuliwashe asubuhi likiwa baridi na kusikiliza mlio wake kabla oili haijapanda. Njoo na risiti zozote ulizonazo, hata za mmiliki aliyekutangulia, na kama uliagiza gari Japani, njoo na karatasi ya mnada. Utatuambia unaendesha wapi, unajaza petroli gani, na kama kuna kitu chochote kilichobadilishwa. Hatutakulaumu kwa jibu lolote. Siku ya ukaguzi hatuuzi kipuri. Utapewa karatasi yenye mgandamizo wa silinda zote nne, picha ya filta iliyokatwa, na maelezo yetu kwa maandishi, na una uhuru wa kuipeleka karatasi hiyo kwa fundi mwingine umpendaye. Baada ya hapo oili tunaibadilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia, lakini kazi ya kuchomoa kijiti na kuangalia kiwango, gari likiwa limesimama mahali tambarare, ni yako wewe mwenyewe, kila baada ya kujaza petroli mara mbili. Tutakuonyesha kilipo.