Salfa ipulizwe, lakini si watoto wakiwa darasani

NDUGU MHARIRI,

Msimu wa kupuliza mikorosho umefika na huku Newala kila kona inanuka salfa. Siandiki kuipinga. Mimi mwenyewe ni mkulima, na najua bila dawa hii ya salfa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unakausha maua, hakuna korosho ya kupeleka ghalani, na sare za wanangu sijui zitatoka wapi.

Ugomvi wangu ni saa. Shule ambayo mimi ni mjumbe wa kamati yake imezungukwa na mikorosho pande tatu. Salfa ya unga inatakiwa ipulizwe alfajiri, majani yana umande na upepo umetulia, ili unga ushike. Lakini mashine zenyewe ni za kukodi: ikitoka kwa huyu inakwenda kwa yule, na mpulizaji analipwa kwa idadi ya mikorosho. Saa mbili na nusu asubuhi injini bado inaunguruma, kusi imeshaanza kuvuma, na wingu la njano linaingia madarasani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Pitisha kidole juu ya dawati, utaona. Watoto wanafikicha macho, wenye pumu wanakohoa mpaka wanarudishwa nyumbani. Na sufuria ya uji iko nje, haina mfuniko.

Kikaoni nikajibiwa kwamba salfa haina neno, hata wazee wetu waliipuliza. Kule California, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley walichapisha mwaka 2017 kwamba watoto wanaoishi ndani ya kilomita 1 kutoka mashamba yanayotumia salfa nyingi walikuwa na mapafu dhaifu zaidi na dalili zaidi za pumu. Tangu Januari 2018 jimbo hilo limekataza kupuliza dawa za unga ndani ya mita 400 hivi kutoka shule za umma, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Na zabibu zao, ambazo nazo hupulizwa salfa, bado zinauzwa.

Kwetu mita 400 zitameza mashamba ya watu wengi, sizidai. Mikorosho inayopakana na shule ipulizwe Jumamosi na Jumapili, na mwalimu mkuu aambiwe siku moja kabla ili uji na ndoo za maji vifunikwe. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinazogawa pembejeo zinajua nani ana mikorosho wapi.

Halafu kuna matangi. Uwanda huu wa Makonde maji ni ya kukinga batini, na salfa ya msimu mzima hulala juu ya paa la shule. Mvua za kwanza zikija, mfereji ugeuzwe pembeni kwanza, bati lijioshe. Hilo linahitaji ngazi na mtu mmoja tu.

Mkutano ujao wa kijiji nitayapeleka yote mawili. Wazazi wa Tandahimba na Masasi wenye shida kama yetu nao wayapeleke kwao, kabla shule hazijafunguliwa Julai.

Mjumbe wa kamati ya shule,
Newala, Mtwara